Kwotabeki Mzee Kachuja au Hajachuja? Ubishi Usioisha, na Wachekeshaji Wanaoumwagia Petroli

Desemba 2025 timu ya Indianapolis Colts iliishiwa makwotabeki kwa majeruhi, ikafanya kitu ambacho mashabiki wengi wa futiboli ya Kimarekani walipokisikia mara ya kwanza walidhani ni utani, ikampigia simu Philip Rivers. Jamaa ana miaka 44, watoto 10, mjukuu anaye, alikuwa kastaafu tangu Januari 2021 na shughuli yake ilikuwa kufundisha timu ya sekondari huko Alabama. Akaja, akavaa, akaanza mechi ugenini Seattle, wakafungwa 18 kwa 16. Pointi mbili tu yani. Kabla hata watu hawajatoka uwanjani mtandao ushagawanyika, hawa wanasema mzee ni mwamba aheshimiwe, wale wanasema jamani hamuoni mipira anayorusha, inafika kule imechoka kama imepanda mlima. Na katikati wamejaa wachekeshaji, wa kulipwa na wa kujitolea, babu hivi babu vile, nani kambebea dawa za presha, nani kamuwekea kiti benchi.

Sasa mimi ubishi huu nimeukuta miaka mingi, majina tu ndo yanabadilika. Jana Favre, kesho yake Manning, kesho kutwa Brady, alafu Rodgers, wote makwotabeki waliocheza mpaka uzeeni. Na nimegundua kwanini hauishi: watu hawabishani kitu kimoja. Mmoja anaongelea mwili wa mzee, mwingine anaongelea namba zake, wa tatu anaongelea timu imeshinda au imefungwa, kila mtu anadhani anamjibu mwenzake kumbe kila mtu yuko kwenye mada yake. Ndo mana unaweza kukuta wote wako sahihi na bado wanatukanana mpaka asubuhi.

Kwa ambao huu mchezo hawaufuatilii, kwotabeki ndo yule anayepokea mpira mwanzo wa kila shambulio akaamua unaenda wapi. Timu ina watu 11 uwanjani, inapewa nafasi nne za kusogea yadi 10, wakisogea wanapewa nne nyingine, wakishindwa mpira unaenda kwa wapinzani. Mpira ukishafika mkononi kwotabeki ana kama sekunde mbili tatu hivi, mbele yake kuna majitu matano yanamkinga, nyuma ya hayo majitu kuna majitu mengine yanataka kumlaza chini, na mbali kule kuna marisiva, yani wapokeaji, wanakimbia kila mmoja na njia yake na kila mmoja kagandwa na beki. Achague, arushe. Na kabla ya hapo ameshaangalia difensi imejipangaje na pengine kabadilisha mpango mzima kwa kupiga kelele tu. Peyton Manning alikuwa maarufu kwa hilo, Januari 2014 kwenye mechi ya pleiofu, yani ya mtoano, dhidi ya timu ya Chargers alisikika akipiga kelele ya "Omaha!" zaidi ya mara 40, ikawa kichekesho cha nchi nzima, watu wanaiga maofisini.

Kwahiyo kazi ya kwotabeki ina sehemu mbili, kichwa na mkono, na hivi viwili havizeeki pamoja. Hapa ndo msingi wa kila kitu. Mkono na miguu vinaanza kushuka, kichwa kinazidi kupanda manake kila mtego wa difensi kashauona mara mia. Rivers asingeweza kuitwa leo akacheza keshokutwa kama angekuwa kwenye nafasi nyingine yoyote, risiva wa miaka 44 aliyekaa nyumbani karibu miaka mitano angevunjika kwenye mazoezi ya kupasha, lakini kocha wa Colts, Shane Steichen, aliwahi kufanya naye kazi Chargers, ile michezo (mipango ya kila shambulio) mzee anaijua, majina ya michezo anayajua, kilichobaki ni kujua kama mkono bado unafikisha mpira. Na ulifikisha, ila mifupi mifupi. Difensi ikishajua kwamba mzee hawezi kurusha mbali inasogea mbele yote, inabana, na zile nafasi fupi zinaanza kupotea. Huwezi kuiona kwenye mechi moja, unaiona ikienda wiki kwa wiki.

Haya, twende kwa Manning mana kesi yake ndo mama wa kesi zote.

Manning alifanyiwa operesheni za shingo, msimu mzima wa 2011 hakucheza, Colts (haohao, ambao 2013 walikuja kumchukua Mkenya wetu Daniel Adongo kutoka kwenye raga) wakamuachia Machi 2012. Akaenda Denver Broncos. Mishipa iliyoumia ilimpunguzia nguvu mkono wa kurushia na kila mtu aliona mpira wake hauendi kama zamani, unayumbayumba hewani kama bata kapigwa jiwe. Mashabiki wakasema kaisha. Alafu 2013, akiwa na mkono huohuo wa mashaka, akarusha tachidauni 55 (yani mipira iliyozaa bao) na yadi 5,477, zote rekodi za msimu mmoja. Hakuna mtu aliyewahi kufika hapo. Wakaingia Super Bowl, fainali ya ligi, dhidi ya Seattle na mchezo wa kwanza kabisa mpira ukapita juu ya kichwa chake hata hajajiandaa, ukaishia nyuma kwenye eneo lao, pointi mbili za bure kwa Seattle, sekunde 12 tu zimepita. Mechi iliisha 43 kwa 8.

Basi hapo wale wa "namba" wana mfalme wao na wale wa "ushindi" wana hoja yao, na ubishi ungeweza kuishia pale. Ila 2015 ndo ikavuruga kabisa.

2015 Manning ana miaka 39, mguu unamuuma, mkono umelegea, na kabla ya msimu alishakubali kukatwa dola milioni 4 kwenye mshahara, ambazo angezirudisha tu kama timu ingefika mbali. Tarehe 15 Novemba wanacheza na Kansas City nyumbani Denver. Alihitaji yadi 3 tu kumpita Brett Favre na kuwa mtu aliyerusha yadi nyingi kuliko wote kwenye historia ya ligi. Akazipata, uwanja ukasimama, makofi, heshima zote. Alafu mechi ikaendelea, na hiyo ndo shida. Siku ile alirusha mipira 20, ikafika 5, yadi 35, minne ikadakwa na wapinzani, kocha akamtoa akaingia kijana Brock Osweiler. Rekodi ya maisha na aibu ya maisha, siku moja, jezi moja.

Na hapa tusimame kidogo kwenye ile namba waliyompa, mana ndo inayonukuliwa na kila mbishi: reitingi yake ya siku hiyo ilikuwa 0.0. Sifuri nukta sifuri.

Hii reitingi ya kwotabeki ni fomula ambayo NFL, yani ligi yenyewe, inaitumia tangu 1973. Inachukua vitu vinne: asilimia ya mipira iliyofika, wastani wa yadi kwa kila mpira, asilimia ya tachidauni, na asilimia ya mipira iliyodakwa na wapinzani. Kila kimoja kina kiwango cha chini na cha juu, hakishuki chini ya sifuri hakipandi juu ya 2.375, unavijumlisha, unagawa kwa 6, unazidisha kwa 100. Juu kabisa unapata 158.3, namba ya ajabu ambayo hakuna mtu anayeielewa kwa kuiangalia. Sasa kichekesho kiko hapa. Ukimchukua mtu yeyote, shemeji yako hata, ukamuweka pale akawa kila akipokea mpira anaurusha chini kwenye nyasi, hakuna uliofika, hakuna yadi, hakuna tachidauni, lakini pia hakuna uliodakwa na adui, basi kwenye kipengele cha nne anapata alama zote na reitingi yake inatoka 39.6. Yani siku ile Manning, mmoja wa makwotabeki watano bora waliowahi kuishi, kwa fomula alikuwa chini ya shemeji anayetupa mpira kwenye nyasi.

Je ni kweli? Kwa siku ile, ndio, kabisa, kutupa mpira chini mara 20 kungeisaidia Denver zaidi. Lakini unaona fomula inavyofanya kazi, haijui chochote kuhusu kilichosababisha. Mpira uliomgonga risiva mikononi ukaruka ukadakwa na beki unahesabiwa kosa la kwotabeki. Risiva aliyekatisha njia sivyo, kosa la kwotabeki. Ile safu ya mbele ikipitika mzee akasukumwa wakati anarusha, kosa lake pia. Na kinyume chake, ukirusha kampira ka yadi mbili risiva akakimbia nako yadi 70, zote zinaandikwa zako. Ni kama kumpima dereva wa daladala kwa hesabu aliyoleta jioni tu bila kuuliza gari lilikuwa zima au bovu, konda alikuwa nani na njia ilikuwa na foleni kiasi gani. Hesabu ni ya kweli, ila dereva hujamjua.

Msimu wake wote wa kawaida ulisomeka tachidauni 9, mipira 17 iliyodakwa, reitingi 67.9. Hizo ni namba za mtu anayetafutiwa mbadala. Na Februari 2016 mtu huyohuyo akashika kombe la Super Bowl, wakamfunga Carolina 24 kwa 10. Yeye alirusha 13 kati ya 23, yadi 141, hakuna tachidauni, mmoja ukadakwa. Kilichoshinda ni difensi, Von Miller alimvuruga kwotabeki wa Carolina, Cam Newton, mara mbili mpaka mpira ukamtoka, na ndo akapewa zawadi ya mchezaji bora. Manning akawa kwotabeki mzee kuliko wote kuanza na kushinda Super Bowl mpaka wakati huo, akachukua na zile milioni zake zilizokatwa, akastaafu. Sisi wa huku tuliokesha, mana Super Bowl inaanza saa nane na nusu usiku wetu wa kuamkia Jumatatu, tulienda kazini macho mekundu tukijaribu kueleza tulichokiona na ikashindikana.

Kwahiyo mtu akikuuliza Manning wa 2015 alikuwa kachuja au bingwa, jibu ni vyote, na asiyetaka kukubali hilo ndo anayeufanya ubishi usiishe. Msimu wake bora kuliko wa mtu yeyote aliishia kupigwa pointi 43, msimu wake mbovu kuliko yote akavaa pete. Mimi kwa maoni yangu mkono wa Manning ulikuwa umekwisha, ila kichwa chake kilijua kwamba mkono umekwisha, na kwenye zile mechi za mwisho akaacha kulazimisha, anakabidhi mpira kwa wakimbiaji, anaulinda, anaiachia difensi kazi. Kijana wa miaka 24 mwenye mkono mzuri asingekubali kucheza hivyo.

Na hiyo ndo tofauti na Brett Favre, ambaye hakukubali kitu maisha yake yote, Mungu ambariki.

Favre kwenye hii mada ni mtihani mana yeye alichuja, akachujuka, alafu akachuja tena. 2005 ana miaka 36, Green Bay, mipira 29 ikadakwa kwa tachidauni 20, timu ikashinda mechi 4 tu. Kila mtu akasema basi. 2007 akairudisha timu mpaka mlango wa Super Bowl. Machi 2008 akastaafu kwa machozi. Kiangazi hichohicho akasema nimebadili mawazo, Green Bay wakasema sisi tumeshampa kijana Aaron Rodgers, wakamuuza kwa New York Jets, akaanza vizuri, akashinda mechi 8 akafungwa 3, alafu kibao kikageuka, bega likauma, tachidauni 22 na mipira 22 iliyodakwa, akastaafu tena. Agosti 2009 akaibuka Minnesota, mahasimu wakubwa wa Green Bay, na akiwa na miaka 40 akacheza msimu ambao kwa usafi haujawahi kuonekana kwake hata ujanani: tachidauni 33, iliyodakwa 7 tu, reitingi 107.2. Saba! Yule aliyedakwa 29 miaka minne nyuma. Mkono ni uleule, umri umeongezeka, kilichobadilika ni waliomzunguka, nyuma yake alikuwepo Adrian Peterson anayekimbia na mpira kiasi kwamba difensi zilikuwa hazijui zimkabe nani.

Alafu ikaja mechi ya Januari 2010 New Orleans, ya kuingia Super Bowl. 28 kwa 28, sekunde 19 zimebaki, Minnesota wako karibu kabisa na umbali wa kuupiga mpira kwa mguu upite katikati ya milingoti washinde. Wakapewa adhabu ya kijinga, watu 12 kwenye mkusanyiko badala ya 11, wakarudishwa yadi tano. Mchezo uliofuata Favre anakimbilia kulia, kifundo kimevimba manake alikuwa kagongwa mechi nzima, mbele yake kuna nyasi tupu, angejiburuza yadi chache akaanguka, mpigaji akaja. Badala yake akageuza mwili akarusha kushoto, kupitia katikati ya uwanja, mpira ambao kila mtoto anayefundishwa kazi hii anaambiwa usiurushe. Tracy Porter akaudaka. Muda wa nyongeza New Orleans wakashinda 31 kwa 28. Wiki mbili baadae Porter huyohuyo alimdaka Manning kwenye Super Bowl akakimbia nao yadi 74 mpaka tachidauni, kwahiyo kama unatafuta mtu aliyewatesa wazee wa kazi ndani ya mwezi mmoja jina lake ndo hilo.

Ule mpira wa Favre watu wanauita ushahidi wa uzee. Mimi nakataa kabisa. Favre aliurusha mpira wa aina ile akiwa na miaka 25, akaurusha akiwa na 30, huyo ndo alivyokuwa, ukishangilia mipira yake ya maajabu inayopita katikati ya mabeki watatu lazima ukubali na hii. Uzee ulikuja mwaka uliofuata, 2010, tachidauni 11, zilizodakwa 19, na Desemba mfululizo wake wa kuanza mechi bila kukosa ukakatika kwenye 297, mwili ukasema basi. Unaona? Watu wanakumbuka mpira mmoja na kuuita mwisho, wakati mwisho wenyewe ulikuja kimya kwenye mechi ambazo hakuna anayezikumbuka.

Na nani aliyetufanya tukumbuke hivyo? Hapa sasa tuwakaribishe wachekeshaji.

Televisheni ya Marekani ina mapenzi ya siku nyingi na kuwaweka wachekeshaji kwenye futiboli. Mwaka 2000 ABC walimchukua Dennis Miller, mchekeshaji wa jukwaani, wakamkalisha kwenye utangazaji wa mechi za Jumatatu usiku. Alikuwa anachomekea mifano ya wanafalsafa na historia ya kale katikati ya mechi mpaka tovuti ya ensaiklopidia ya Britannica ikaanza kuchapisha ufafanuzi wa utani wake, yani unatazama mechi Jumatatu alafu Jumanne unasoma ulichekeshwa na nini. Alidumu misimu miwili, 2002 akaja John Madden, mtangazaji maarufu wa futiboli. Kule televisheni ya Fox mchekeshaji Jimmy Kimmel alikuwa anatabiri mechi kabla hajawa mtu mkubwa wa vipindi vya usiku, akaondoka akaja Frank Caliendo, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kumuiga huyohuyo Madden. Na Madden wa Caliendo alikuwa na ugonjwa mmoja: anampenda Brett Favre kupita kiasi. Ulizeni chochote, hali ya hewa, chakula, jibu ni Favre.

Utani ule ulikuwa mtamu lakini angalieni ulichofanya. Ulikuwa unawacheka watangazaji wanaomsifu Favre, haukuwa unamchambua Favre mwenyewe. Ila shabiki akishaubeba kwenda nao kwenye ubishi, unakuwa hoja: "nyie mnampenda tu kama Madden." Alafu na ile staafu-rudi staafu-rudi yake ikawa chakula cha kila mchekeshaji wa usiku, miaka mitatu mfululizo, mpaka msimu wake wa tachidauni 33 watu wengi wanauchanganya na ile sarakasi. Mchekeshaji anahitaji kitu kimoja kinachojirudia, kelele ya "Omaha", kustaafu kila mwaka, babu ana mjukuu. Hawezi kutengeneza kicheko kutokana na wastani wa yadi kwa kila mpira. Kwahiyo anachagua tabia, mashabiki wanaichukua tabia wanaifanya kiwango.

Manning hilo alilielewa mapema kuliko wenzake akawawahi. Machi 2007, wiki chache baada ya kushinda Super Bowl yake ya kwanza, alienda mwenyewe kuongoza kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live, akacheza mchezo ambao anawarushia watoto mpira kwa nguvu mpaka wanaanguka na kuwafokea kwa kutodaka. Nchi ilicheka mpaka machozi. Tangu hapo ni vigumu kumkejeli mtu ambaye ameshajikejeli vizuri kuliko wewe, na mimi naamini kabisa hiyo ni sababu mojawapo kwamba 2015 yake ilipokelewa kwa huruma wakati mwingine angesagwa. Leo ana kipindi na mdogo wake Eli cha kutazama mechi huku wanapiga soga, watu wanacheka, ile sifuri hakuna anayeitaja.

Tom Brady yeye alikwenda njia nyingine. Uwanjani Brady ndo anayewavuruga kabisa wale wa "umri una kikomo", manake ana Super Bowl saba, ya mwisho akiwa na miaka 43 alipoihama New England kwenda Tampa Bay na kuipiga Kansas City 31 kwa 9, mwaka uliofuata akaongoza ligi nzima kwa yadi 5,316 na tachidauni 43. Akastaafu Februari 2022, siku 40 baadae akarudi, na ule msimu wa mwisho wa 2022 ndo mzuri kwa mada yetu: aliweka rekodi ya ligi ya mipira iliyofika, 490, na ya mipira aliyorusha, 733. Ukisoma hivyo utasema moto bado unawaka. Timu ilishinda 8 ikafungwa 9. Mzee alirusha mara 733 kwa sababu timu haikuwa na uwezo wa kukimbia na mpira, na mingi ilikuwa mifupi ya kutoa haraka kabla hajaangushwa. Namba kubwa iliyotokana na matatizo. Kwa wingi ni rekodi, kwa ubora ni kawaida, na wabishi kila mmoja alichukua nusu yake akaondoka nayo.

Alafu Mei 2024 akakubali kukalishwa kwenye kiti mbele ya watu Inglewood, moja kwa moja kupitia Netflix, wachekeshaji wamchane. Kevin Hart anaongoza, Nikki Glaser akatoka pale akiwa nyota, wachezaji wenzake wa zamani wakapanda, hata kocha Bill Belichick akapanda, hata Manning akapanda. Na walimchana kweli, talaka yake, hasara ya sarafu za kidijitali, ile kesi ya mipira iliyopunguzwa upepo iliyomfungia mechi nne mwaka 2016. Umeona kilichokosekana? Uchezaji wake wa uzeeni haukuwa na nafasi kubwa pale, mana hakukuwa na pa kuingilia. Brady baadae alisema hakupenda yale yalivyowagusa watoto wake. Na mimi hapo nilimwelewa, utani wa mpira unaumiza ukiwa kwa mpira, ukiingia sebuleni ni habari nyingine.

Jambo moja la haraka ambalo wabishi wanalisahau: hawa wazee wanadumu kwa sababu sheria zimebadilika pia. Brady aliumizwa goti Septemba 2008 na beki aliyekuwa chini kwenye nyasi, 2009 ligi ikakaza sheria ya kuwagonga makwotabeki miguuni, na kila mwaka zinaongezeka nyingine. Ukimlinganisha kwotabeki wa miaka 41 wa leo na wa zamani unalinganisha watu waliofanya kazi kwenye hatari mbili tofauti. George Blanda alicheza mpaka miaka 48, akastaafu 1976, wakati huo ukimpiga kwotabeki kichwani refa anaangalia pembeni. Huyo sijui tumpe reitingi gani.

Tumalizie na Aaron Rodgers, yule kijana aliyemrithi Favre, ambaye alizeeka akamfuata Favre mpaka Jets kabisa kama vile kuna ramani. Septemba 2023 mechi yake ya kwanza, mchezo wa nne tu, mshipa wa kisigino ukakatika. Januari 2024 wakatupiana maneno na Jimmy Kimmel hadharani mpaka Kimmel akatishia kwenda mahakamani, na kuanzia hapo kila mpira mbaya wa Rodgers ulipata mchekeshaji wa kuusimamia na kila mpira mzuri ukapata shabiki wa kuwauliza wachekeshaji mko wapi. 2024 alicheza mechi zote 17: tachidauni 28, zilizodakwa 11, yadi 3,897. Jets walishinda 5.

Chukua hizo namba uwape watu watatu. Wa namba atasema 28 kwa 11 akiwa amefikisha 41 na katoka kukatika kisigino, mnataka nini tena. Wa ushindi atasema tano kati ya 17, funga ukurasa. Wa mwili ndo mimi ningemsikiliza zaidi, manake yeye ametazama: ule uwezo wa Rodgers wa kutoroka nje ya mtego akazunguka akarusha yadi 50 akiwa anakimbia, uliompa tuzo nne za mchezaji bora wa ligi, ulikuwa umebaki vipande vipande, lakini mkono wenyewe, ile namna mpira unavyotoka kwa kukunja kiganja tu, bado upo. Nusu ya silaha. Timu yenye safu nzuri ya mbele na difensi inayoshinda mechi ingeitumia hiyo nusu, Jets hawakuwa timu hiyo wakamuachia. Juni 2025 Pittsburgh Steelers wakamchukua, na ndani ya saa chache wabishi walewale walikuwa wameshahamia huko na masentensi yaleyale, wamebadilisha jina la timu tu.